Kukata Alama za Ndege za Mbao

Wanavikundi mnaochonga ndege za mbao, herufi zikipinda, bei inashuka. Sisi tuliwahi kuharibu ndege nzima kwa sababu ya rangi kuvuja.

Ndege iliyoandikishwa Kenya huanza na 5Y, ya Tanzania 5H, ya Uganda 5X. Kwa kanuni za kimataifa, herufi za ubavuni hazipungui sentimita 30 kwenda juu. Upana ni theluthi mbili ya kimo, na unene wa mstari ni sehemu moja ya sita. Basi mkichonga ndege iliyo ndogo mara 20, kimo ni milimita 15, upana 10, na mstari mbili na nusu.

Chora kwenye manila, halafu sugua mshumaa juu yake. Kata kwa wembe mpya na rula. Kwenye A au B acha vidaraja vyembamba, la sivyo kile kipande cha katikati kitaanguka. Mwenzako aishikilie manila imara, nawe ugongegonge rangi kidogo kwa sponji. Brashi iliyolowa ndiyo ilituponza! Rangi ikikauka, ziba nafasi za vidaraja.

Jaribuni kwanza kwenye kibao cha kutupa.