Safari za Mashua Mafia: Maji Huamua Saa, Upepo Huamua Siku

Kwa wakazi wengi wa Mafia, kuvuka kwenda Nyamisati ni safari ya matibabu, biashara au masomo. Nyamisati ipo kwenye mikoko ya delta ya Mto Rufiji. Maji yakipwa, chombo chenye shehena huweza kukwama juu ya fungu kwa saa kadhaa, pamoja na mgonjwa aliyemo. Ndiyo maana upangaji wa safari huanza na maji.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 25. Hivyo saa ya maji kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na mikondo huenda kwa nguvu. Siku hizo, katika pwani ya Tanzania, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu na saa 4 asubuhi. Baada ya juma moja huja maji mafu, na saa hizo karibu hubadilishana.

Nahodha makini hupiga hesabu kuanzia mwisho wa safari: saa ipi maji yatatosha kuingia bandarini, kisha hutoa muda wa kuvuka ili kupata saa ya kung'oa nanga. Ni salama zaidi kuingia maji yakiwa yanajaa, kwa kuwa chombo kikigusa fungu, maji yatakiinua.

Hata hivyo, maji mazuri hayaondoi hatari ya upepo. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huongezeka kadiri mchana unavyoendelea. Ukikabiliana na mkondo, mawimbi huinuka ghafla. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usikilizwe jioni ya kuamkia safari na tena kabla ya kuondoka. Tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa ikitolewa, safari iahirishwe.

Kabla ya kupanda, abiria ana haki ya kuuliza utabiri wa siku hiyo, saa ya kufika na iwapo kila mtu ana boya la kujiokolea. Jibu lisiporidhisha, asubiri maji ya kesho.