Miamba wa Shabana: Tuwapende, Lakini Tuseme Kweli

Katika mji wa Keroka, ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati yake, kuna kinyozi mmoja ambaye wateja wake wengi humwendea bila ya kuwa na nywele za kunyoa. Huenda kuzungumza habari za mpira. Siku ya Jumamosi benchi yake hujaa tangu asubuhi, na mtu akitaka kusikia sifa za timu ya Shabana ya zamani hana haja ya kwenda kwingine. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kusema kwamba wachezaji wale wa zamani tunawasifu kupita kiasi.

Nilidhani nimesema jambo dogo. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa ndevu aliusukuma mkono wa kinyozi, akageuka na povu lake usoni, akaniuliza: "Kijana, baba yako ni nani?" Mimi nimepita umri wa miaka hamsini na nina wajukuu, lakini siku hiyo niligeuzwa kijana asiye na kwao. Wengine wakacheka, nami nikanyamaza. Leo nataka kuyamaliza maneno yale niliyokatizwa, kwani gazeti halina povu usoni na haliwezi kuniuliza jina la baba yangu.

Kwanza niseme wazi, ili msomaji asije akadhani kwamba mimi ni mgeni au mtu wa timu nyingine. Shabana ni timu yangu tangu utotoni. Ilianzishwa mwaka wa 1980 mjini Kisii, ikachukua jina la duka la kuuza vifaa vya ujenzi lililoisaidia, na kwa muda mfupi ikawa mali ya kila mtu, kuanzia Tabaka kwa wachonga mawe hadi Kebirigo kwa wachuma chai. Wakati huo Nyamira ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Kisii, na hata ilipotengwa kuwa wilaya, mwishoni mwa miaka ya 1980, timu haikutengwa. Tuligawana ofisi, machifu na mipaka, lakini "Tore Bobe" ilibaki moja. Na majina ya akina Henry wawili, yaani Henry Motego na marehemu Henry Nyandoro, ambao wote walivaa jezi ya Harambee Stars, yalitajwa majumbani kama majina ya watu wa ukoo.

Basi nawapenda. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kusema kweli juu yake ni jambo jingine, na katika mapenzi yetu kuna mambo matatu ambayo hatupendi kuyasikia.

Kabati lisilo na kombe

La kwanza ni kwamba Shabana ile tunayoililia haikupata kushinda ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, wala kombe la taifa. Tangu mwaka wa 1980 hadi 1993 ubingwa wa ligi haukutoka mikononi mwa Gor Mahia na AFC Leopards. Sisi tulikuwa timu ya kuogopwa, hasa tulipokuwa nyumbani. Wageni kutoka Nairobi walipanda milima yetu wakijua kwamba hawatashuka kwa furaha. Hiyo ni heshima kubwa kwa timu ya mji mdogo iliyokuwa ikisaidiwa na duka. Lakini kuogopwa si kushinda, na mtu akizisikia hadithi za pale kwa kinyozi atadhani kwamba kabati letu limejaa vikombe hadi mlango haufungiki.

Sasa linganisha na vijana wa msimu wa 2022-23. Hao walishinda ligi ya Super League na kuirudisha Shabana katika ligi kuu mwaka wa 2023, baada ya miaka 17 ya kuzunguka katika ligi za chini, ambako watazamaji ni wachache na mshahara ni ahadi. Nikawauliza wale waliokuwa kwenye benchi wanitajie wachezaji 11 wa kikosi hicho. Mmoja alitaja wanne, mwingine wawili. Mzee yule wa povu hakutaja hata mmoja. Lakini kikosi cha zamani alikihesabu chote pamoja na wachezaji wa akiba, kama padri anayesoma majina ya watakatifu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: waliotuletea taji ni hawa, na hatujui majina yao.

Aliyefika mbali kuliko wote

Jambo la pili ndilo lililokaribia kunifukuzisha pale dukani. Kwa maoni yangu, mchezaji aliyefika mbali kuliko wote waliopata kuvaa jezi ya Shabana si Mgusii. Ni Mike Okoth Origi.

Kijana huyu wa Kiluo alicheza Kisii kabla hajaenda Kenya Breweries. Baadaye alikwenda Ubelgiji, akachezea Oostende na Harelbeke, kisha Genk, na katika msimu wa 1998-99 akawa bingwa wa ligi ya Ubelgiji pamoja na timu hiyo. Ndugu yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia iliponyakua Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987. Na mtoto wake, Divock, aliyezaliwa Ubelgiji, ndiye aliyeifungia Liverpool bao la pili dhidi ya Tottenham katika fainali ya Klabu Bingwa ya Ulaya iliyochezwa Madrid mwaka wa 2019. Usiku ule vijana wa Kisii walijaa mabarabarani wakiimba jina la Divock, na wengi wao hawakujua kwamba baba yake alipata kuvaa jezi ya timu yao wenyewe.

Nilipoyasema hayo, mtu mmoja alinijibu kwa neno moja tu: "Aliondoka." Ni kweli aliondoka. Lakini nani hakuondoka? Wachezaji wetu wengi hodari walikwenda zao mara tu timu kubwa ya mjini ilipowaita, nasi hatukuwakasirikia, kwani mtu hali chakula cha makofi. Ukweli ni kwamba tumemsahau Okoth kwa sababu hatuwezi kumweka katika mojawapo ya koo zetu. Hatuwezi kusema kwamba mama yake ametoka Bomachoge au kwamba shamba la babu yake liko Nyansiongo. Nasi tunasahau kwamba hata jina Shabana si la Kigusii. Lilikuja na duka. Mwaka huohuo wa 1980 Abaluhya walilazimika kuliacha jina la kabila lao na kujiita AFC Leopards, lakini sisi hatukuwa na jina la kuacha, kwani letu lilikuwa la kila mtu. Basi kwa nini kumbukumbu yetu iwe ya kabila moja, hali timu haikuwa hivyo?

Dhahabu iliyosahauliwa

La tatu ni hili. Mjini Munich mwaka wa 1972 Kenya ilishinda medali ya dhahabu katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Wakimbiaji walikuwa wanne: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni watoto wa Gusii. Miaka minne kabla ya hapo, huko Mexico, Naftali Temu wa Nyamira alishinda mbio za mita 10,000 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Temu alifariki mwaka wa 2003.

Hao walishindana na dunia nzima wakaishinda, na saa iliandika. Hakuna anayeweza kuongeza wala kupunguza. Lakini sijapata kuona watu wakigombana kwa kinyozi juu ya Asati na Nyamau. Mpira umetunywesha pombe yake, nasi tumewaacha mabingwa wa dunia nje ya mlango huku tukiwapigia makofi waliofungwa na Leopards kwa heshima.

Sauti ya redio

Imekuwaje hata tukapenda namna hii? Mimi nadhani chanzo chake ni redio. Miaka ya 1980 wengi wetu hatukuwa na nauli ya kwenda Nairobi, wala hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na Sauti ya Kenya. Watu walikaa kuizunguka redio moja chini ya mgomba, na mtangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alipopandisha sauti, nasi tulipanda naye. Mchezaji aliyekimbia hatua kumi, katika masikio yetu alikimbia hatua mia. Kila mmoja alijichezea mpira wake kichwani, na katika kichwa cha mtu hakuna tope, hakuna pasi mbovu, wala hakuna mchezaji anayechoka.

Vijana wa leo hawana bahati hiyo. Kosa la mlinzi linarudiwa mara kumi kwenye simu kabla mchezo haujaisha. Sisi tunamlinganisha kijana huyu wa kwenye picha na mtu wa kwenye masikio, kisha tunashangaa kwamba anashindwa.

Bao nililolisimulia

Hapa hapana budi nikiri jambo ambalo sikulisema pale kwa kinyozi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimekuwa nikisimulia bao moja lililofungwa na mmoja wa miamba wale katika uwanja wa Gusii. Nasimulia jinsi alivyoupokea mpira kwa kifua, akazunguka, akaupiga kabla haujagusa nyasi. Mwanzoni umbali ulikuwa hatua ishirini. Nilipooa ulikuwa umefika hatua thelathini. Siku hizi huwa ni arobaini.

Bao lile lilifungwa kweli, lakini mimi sikuliona. Sikuwa na pesa za kuingilia. Nilikuwa nimepanda mkaratusi nje ya ukuta, na tawi lilinikinga lango. Nilichoona ni migongo ya watu wakiinuka, na nilichosikia ni kelele. Mengine nilisimuliwa jioni na kaka yangu, ambaye naye aliyasikia kwa watu stendi ya magari.

Ningeweza kulicheka jambo hili kama si mwana wa dada yangu. Kijana huyo alikuwa mlinzi wa kushoto, mwenye mbio na pumzi, na akiwa na umri wa miaka 19 aliitwa kujaribiwa na timu moja ya sehemu zetu. Mchezo wake wa kwanza haukuwa mzuri. Wazee waliokuwa kando ya uwanja walimwambia kwamba hafai hata kubeba viatu vya wachezaji wa zamani. Alikuja kwangu jioni, akakaa jikoni bila kusema neno. Badala ya kumtia moyo, mimi nilimsimulia bao langu la hatua arobaini, nikamalizia kwa kusema: "Wale walikuwa wanaume." Hakurudi mazoezini. Leo ana pikipiki ya kubeba abiria, na anailisha nyumba yake vizuri, wala sidai kwamba ni maneno yangu tu yaliyomwondoa uwanjani. Lakini yalikuwamo.

Baada ya aibu ya kwa kinyozi nilimwita nikamweleza habari za ule mkaratusi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe, mjomba, mimi nilikuwa nikishindana na mti." Alicheka, nami nikajaribu kucheka.

Tufanyeje?

Sisemi tuyafute majina ya miamba wetu. La hasha. Motego na Nyandoro walikuwa wachezaji stadi, na timu ndogo kama yetu kupeleka watu katika timu ya taifa si mchezo. Ninachosema ni kwamba tuwape sifa walizozipata kwa jasho lao, tusiwavike na zile tulizowashonea sisi wenyewe. Mtu aliyecheza vizuri hana haja ya uongo wetu, na kijana anayejifunza kucheza anaumizwa nao.

Tena wengi wa wachezaji wale wangali hai, wanalima na kuuza dukani kama watu wengine. Uwanja wa Gusii ulitengenezwa upya kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za mwaka wa 2020, lakini mashujaa wenyewe wa uwanja ule hatujakaa nao tukawauliza walikula nini kabla ya mchezo, walilipwa nini, ni nani aliyewafunga vibaya, na ni nani kati yao aliyekuwa hodari ila hakusifiwa. Nadhani wao wenyewe watatuambia kweli kuliko sisi tunaowasifu.

Mimi nimekwisha kuanza. Jumamosi iliyopita nilirudi Keroka na daftari la shule, nikakaa karibu na mzee yule wa povu. Nilimwomba anieleze michezo ile tu aliyoiona kwa macho yake mwenyewe, ndani ya uwanja, tiketi mkononi. Alifikiri sana, akahesabu kwa vidole. Kisha akaniambia niandike mitatu.