Mchezo na Pombe Visifungiwe Chumba Kimoja

Majuma machache yaliyopita nilitembelewa nyumbani na kijana niliyemfundisha miaka mingi iliyopita. Alitoka upande wa Nyamira, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni. Baada ya kujuliana hali na kunywa chai, aliifungua karatasi hiyo na kuitandaza mezani. Ilikuwa ni ramani ya chumba kimoja katika mji wa Kisii: hapa kaunta ya pombe, pale viti, na ukutani kote runinga kubwa zenye mashine za michezo ya video.

"Mwalimu," akasema, "usinikemee kwanza. Nisikilize hadi mwisho."

Nilimsikiliza. Alinieleza kuwa vijana wa mjini wamechoshwa na baa za muziki wa kupasua masikio. Wangependa mahali ambapo mtu atakunywa chupa yake huku akishindana na mwenzake katika kandanda ya kwenye skrini. Alisema biashara ya namna hiyo imeshamiri ughaibuni, na kwamba atakayetangulia Kisii ndiye atakayevuna. Kisha akafikia haja iliyomleta. Kiwanja alichokipata hakiko mbali na shule moja, naye alijua kwamba ombi la leseni ya pombe likitangazwa, mwananchi yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi. Alitaka nizungumze na walimu wenzangu ili wasipinge.

Nilipomuuliza mtaji ameupata wapi, aliinamisha kichwa. Sehemu kubwa ni bonasi ya majani chai ya mamake, akiba ya misimu kadhaa. Mama huyo ni Msabato asiyeonja pombe, naye ameambiwa kwamba mwanawe anafungua "biashara ya kompyuta".

Ninakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa kemeo. Lakini mwalimu anayekemea kabla ya kufikiri huwa anajifundisha mwenyewe ujinga. Kwa hiyo nilimwomba aniachie siku chache nilitafakari suala hili. Makala haya ndiyo matunda ya tafakuri hiyo, nami nayaandika kwa sababu naamini kijana huyu si wa pekee katika kaunti zetu mbili.

Hebu tuanze kwa kumtendea haki. Wazo lake halikuzuka hewani. Historia inatueleza kwamba mchezo wa video wa kibiashara ulijipatia umaarufu wake wa kwanza baani. Mwaka wa 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine ya mchezo uitwao Pong katika baa ya Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, jimbo la California. Haukupita muda mrefu mashine ikagoma. Mhandisi Allan Alcorn, aliyeubuni mchezo huo, alipoifungua aligundua kwamba haikuwa na hitilafu kubwa. Kisanduku cha fedha ndicho kilichokuwa kimefurika sarafu. Miaka 32 baadaye, mwaka wa 2004, baa iitwayo Barcade ilifunguliwa Brooklyn, mjini New York, ikiwa na mashine za zamani za michezo hiyo, na mfano wake ukaigwa katika miji mingi ya Marekani na Ulaya.

Lakini je, ni nani hasa aliyejaza baa za namna ya Barcade? Ni mtu mzima aliyecheza mashine hizo utotoni, akakua, akapata kazi, na sasa anarudi kununua kumbukumbu zake kwa fedha zake mwenyewe. Kwake yeye mchezo ni jambo la jana. Hapa petu hali ni kinyume kabisa. Mchezo wa video si kumbukumbu ya mzee. Ni uchu wa mtoto wa leo. Tembea katika mitaa ya Kisii, Nyamira, Ogembo au Keroka wakati wa likizo, uchungulie katika vile vyumba vidogo vyenye pazia mlangoni na mashine ya PlayStation ndani. Utawakuta wavulana wamebanana kwenye benchi, kila mmoja akingoja zamu yake kwa sarafu iliyolowa jasho kiganjani. Aghalabu wengi wao hawajafika kidato cha nne.

Hapo ndipo penye kiini cha hofu yangu. Bango la mchezo wa video likitundikwa mtaani, wa kwanza kuitika ni mtoto, hata kama aliyekusudiwa ni babake.

Sheria zetu zaona mbali katika jambo hili. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, aliyeiwasilisha bungeni, inamkataza mwenye baa kumruhusu mtu wa chini ya umri wa miaka 18 kuingia mahali panaponyweshwa pombe. Inataka pia baa mpya iwe umbali usiopungua mita 300 kutoka shule za watoto wa umri huo. Isitoshe, imeweka saa za kuuza: siku za kazi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, mwisho wa juma na siku za mapumziko, kuanzia saa nane mchana. Mwaka wa 2025 sera mpya ya taifa kuhusu vileo ilipendekeza hata umri wenyewe upandishwe hadi miaka 21.

Sasa, msomaji, tufanye hesabu ambayo kijana wangu hakuifanya. Runinga na mashine zimenunuliwa kwa bonasi ya chai. Kodi ya chumba huhesabiwa mchana na usiku. Umeme hulipiwa. Lakini mlango hauruhusiwi kufunguliwa kwa pombe hadi saa kumi na moja jioni. Kuanzia asubuhi hadi saa hiyo mashine zimelala, zinazeeka, haziingizi hata ndururu. Na ni nani apitaye nje saa tisa alasiri, mkononi ana sarafu na machoni ana hamu? Ni mwanafunzi aliyetoka shule. Mwenye baa atasema leo hapana, na kesho hapana. Kodi ikichelewa, atasema, "Ingia, lakini usiguse chupa." Mwezi ujao kijana atakuwa bado yumo ndani saa kumi na moja ikigonga na chupa zikifunguliwa.

Simshuku mwanafunzi wangu kuwa mtu mwovu. La hasha! Ninachosema ni kwamba biashara hii imejengwa kwa namna ambayo mtu mwema atasukumwa na hesabu hadi avunje sheria. Mtego ukitegwa njiani hauulizi anayepita ana nia gani.

Tumeyaona haya hapo awali. Miaka ya 1990 walimu wa Kisii tulikuwa tukiwafukuza wanafunzi katika vibanda vya video, ambamo filamu za mapigano zilionyeshwa mchana kutwa. Baadaye zikaja mashine za kamari za kumeza sarafu, zikaenea hadi maduka ya vijijini, mtoto aliyetumwa sukari akirudi mikono mitupu. Serikali ilizisaka na kuziteketeza mashine hizo katika kipindi ambacho Wizara ya Usalama wa Ndani iliongozwa na Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, Nyamira, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Elimu. Kila mara tulishtuka, tukapiga kelele, tukavunja. Hatukuuliza ni pengo gani lililokuwa likijazwa na vitu hivyo.

Pengo lenyewe li wazi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Huko Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawiwa wana, nao wakawagawia wajukuu, hata uwanja ambao watoto walichezea mpira wa majani ya migomba leo ni ploti yenye ua. Tunajivunia Shabana, timu iliyorejea katika ligi kuu mwaka wa 2023 baada ya miaka 17, na Uwanja wa Gusii hufurika inapocheza. Lakini mvulana anayeishangilia Jumapili atacheza wapi Jumatatu? Chumba chenye pazia kinahitaji nafasi ndogo kuliko uwanja, na ndiyo maana kinashinda.

Lipo jambo jingine ambalo walimu wa uraia wangefaa kuwasomea wanafunzi darasani. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imeorodhesha kazi za serikali za kaunti. Katika kifungu kimoja tu, kimewekwa pamoja kamari, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, maktaba na michezo. Waandishi wa Katiba waliviweka vyote katika mkono mmoja. Hivyo basi, mkono uleule unaotia sahihi leseni ya baa ndio unaopaswa kujenga maktaba na kutunza viwanja. Ni vigumu kutoona ni upande upi unaofanya kazi kwa bidii zaidi. Katika mji wa Keroka, ambako mpaka wa kaunti zetu unapita, serikali zote mbili zimewahi kuvutana kuhusu nani akusanye ushuru. Sijapata kusikia zikivutana kuhusu nani awajengee vijana wa mji huo maktaba.

Wazee wetu wa Gusii nao walikunywa. Waliketi kukizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakazungumza mambo ya ukoo. Lakini chungu kilikuwa na rika lake, na mchezo wa watoto ulikuwa na uwanja wake. Mtoto aliyepita karibu alitumwa maji, akaenda zake. Hekima iliyokuwemo ni hii: kila jambo liwe na mahali pake na wakati wake, ili mtoto ajue amefika wapi katika safari ya kukua.

Naomba nisieleweke vibaya. Walimu wenzangu, tusiuchukie mchezo wa video kwa sababu tu hatuujui. Mwaka wa 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, mwanafunzi wa sheria ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mafunzo ya uandishi wa programu za kompyuta kwa shule zetu. Mtoto anayejiuliza mchezo umeundwaje amekwisha kupiga hatua ya kwanza kuelekea uhandisi. Chumba cha michezo chenye saa maalumu, kisichomruhusu mwenye sare wakati wa masomo, kisicho na kamari wala pombe, kinaweza kuwa jirani mwema wa shule.

Nanyi wanafunzi wa vyuo, ninyi mliotimiza umri wa kuingia baani, ndio wateja ambao biashara hii inawahesabu kwanza. Mkopo wa HELB ukiingia, chupa na mashindano vikiwa chumba kimoja, aliyeshindwa hutaka kulipiza, na anayetaka kulipiza huagiza tena. Fedha hizo ni deni, nanyi mtalilipa baada ya kuhitimu, mkiwa na kazi au bila kazi.

Kijana wangu aliporudi, nilimwambia hivi: "Mwanangu, chagua. Fungua chumba cha michezo, nami nitasimama na walimu kukutetea. Au fungua baa, mbali na shule, iwe baa ya watu wazima. Ukivichanganya katika kiwanja kile, sahihi ya kwanza kwenye pingamizi itakuwa yangu."

Alitikisa kichwa. "Mwalimu, soda haina faida. Pombe ndiyo inayolipa kodi."

"Basi," nikamjibu, "nenda Nyamira ukamwambie mama maneno hayo hayo. Mwambie chai yake inanunua nini. Akikubali, rudi tuzungumze."

Alikunja karatasi yake, akaaga kwa heshima, akaenda. Hadi ninapoandika makala haya hajarudi, nami sijui kama amezungumza na mamake. Ninachojua ni kwamba biashara ambayo mtu hawezi kumweleza mzazi aliyeitolea mtaji imeanza na nyufa katika msingi.

Kwa serikali za Kisii na Nyamira, ombi langu ni moja. Kabla ya kuipa leseni baa yoyote yenye michezo ya video, zipimeni zile mita 300 kwa kamba, si kwa macho. Kisha mtuonyeshe, katika bajeti ya mwaka huohuo, uwanja mmoja na maktaba moja. Na sisi wazazi na walimu, pingamizi ni haki yetu, lakini pingamizi peke yake halimpi mtoto mahali pa kwenda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni alasiri ndefu ya mtoto asiye na pa kuchezea. Tukiuacha hivyo, yuko atakayeuziba kwa faida yake.