Fuso kumi za sola: kujaza bei na ukubwa wa vifaa kwenye HOMER

Wiki nzima programu ilinikatalia sola. Nilikuwa natengeneza modeli ya umeme wa kijiji kimoja juu ya Lushoto kwa HOMER, programu iliyozaliwa NREL, maabara ya nishati jadidifu ya Marekani. Kila nikiiendesha, jibu ni lile lile: jenereta ya dizeli. Na jibu hilo ndilo lingepelekwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa wakulima wa kabichi na karoti ambao wangelipia kila uniti. Kumbe kosa lilikuwa langu, kwenye jedwali la bei.

Jedwali lenyewe si gumu. Kwa kila kifaa unaandika ukubwa, bei ya kununua, bei ya kubadilisha kikichakaa, na gharama za uendeshaji kwa mwaka. Ukijaza mstari mmoja tu, HOMER inazidisha moja kwa moja. Chukua mfano huu (namba ni za kufundishia): paneli za kilowati 1 ni shilingi 2,000,000, na fuso la kuzipandisha kutoka Mombo kupitia Soni ni 400,000. Mimi nikajumlisha, nikaandika 2,400,000. Programu ikahesabu kilowati 10 kuwa 24,000,000. Yaani imekodi fuso kumi! Wakati mzigo wote unapanda kwa safari moja, na gharama halisi ni 20,400,000.

Dawa ni mistari miwili: kilowati 1 kwa 2,400,000, kilowati 10 kwa 20,400,000. Katikati programu inavuta mstari ulionyooka, hivyo kilowati 5 zinapata 10,400,000, sawa na hesabu ya mkono.

Maji yana mtego wake. Lita 20 kwa sekunde zikishuka mita 60, kwa ufanisi wa asilimia 60, zinatoa takribani kilowati 7. Turbini itachakaa, lakini mfereji hauchimbwi upya; bei ya kubadilisha iwe ndogo kuliko ya kununua.

Kwenye orodha ya ukubwa wa kujaribiwa, weka na 0, la sivyo umeilazimisha programu kununua kifaa. Jibu likiangukia namba kubwa ya mwisho, refusha orodha uendeshe tena.

Nilipojaza upya, sola ilirudi, dizeli ikabaki akiba ya siku za ukungu. Bado sijaweka hela ya vibarua watakaobeba betri kuanzia pale barabara ya gari inapoishia.