Kukosoa ni kuondoa kosa, si kulitangaza

MWANAFUNZI wa uhandisi wa usanifu majengo amekesha siku mbili akichora zahanati ya mtaani kwao. Alfajiri anavuka feri kutoka Likoni, mchoro kaukunja kama mkeka, kaubana kwapani. Zamu yake inapofika anaubandika ukutani na kuanza kuueleza. Mwalimu anautazama kidogo, kisha anasema: "Hii si kazi. Nenda kachore tena." Basi. Jioni kijana anarudi Likoni na mchoro ule ule, na lile asilolijua asubuhi bado halijui.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini waliopitia fani hii hawatakiona kigeni. Mtindo wa kutundika mchoro ili uhukumiwe una historia ndefu. Katika karne ya 19, kazi za wanafunzi wa École des Beaux-Arts jijini Paris zilipimwa na jopo la majaji faraghani, wenyewe wakiwa hawapo. Baadaye, katika karne ya 20, milango ilifunguliwa na mwanafunzi akaanza kusimama mbele ya jopo na kujieleza. Hata hivyo, lugha ya mahakama ilibaki: kuna jopo, kuna utetezi, kuna hukumu.

Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kututoa mahakamani. La kwanza ni mrejesho, linalotokana na kitenzi rejesha. Anayetoa mrejesho hurudisha kitu mikononi mwa mwenyewe. Je, neno "mbaya" limemrudishia nini mwanafunzi wetu? Hata "kazi nzuri" pekee halirudishi chochote, kwa kuwa halimwambii ni kipi alichokifanya vyema ili akirudie.

La pili ni uhakiki. Kuhakiki ni kuthibitisha ukweli wa jambo. Mwalimu anayehakiki mchoro haanzi na hisia zake; huanza na kile kilichochorwa.

La tatu, na ndilo linaloeleweka visivyo, ni ukosoaji. Wengi husikia ndani yake lawama na kejeli. Hebu tulitazame umbo lake. Tuna funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa. Hii ni kauli ya kutendua: kiambishi -u- au -o- hugeuza tendo likawa kinyume chake, na irabu o iliyo katika mzizi huvuta -o-. Kwa mkondo huo huo, kosa huzaa kosoa. Kimaumbo basi, kukosoa ni kulitendua kosa, kama vile kuchomoa mwiba kulivyo kuuondoa. Anayeonyesha mwiba kisha akaenda zake hajachomoa kitu.

Turudi kwenye zahanati ya Likoni. Tuseme ukumbi wa kungojea una dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi. Mwalimu mkosoaji, kwa maana tuliyoieleza, angesema hivi: "Mwanangu, dirisha hili latazama magharibi. Saa kumi jioni jua litawapiga usoni wagonjwa waliokaa kwenye benchi. Jua la saa hizo liko chini, kwa hiyo upenu mfupi hautalizuia. Ungefanyaje?" Hapo kuna kilichoonekana, kuna atakayeumia, kuna sababu, na kuna swali linalomwachia mwanafunzi kalamu. Anaweza kuligeuza dirisha likabili upepo wa kusi, au akaongeza baraza pana yenye kivuli, kama zile tulizozizoea kwenye nyumba za Waswahili.

Fauka ya hayo, makosa hayalingani uzito. Kuna mwalimu atakayezungushia duara jekundu herufi zilizopinda, asiione nguzo ya ghorofa ya juu ambayo haina nguzo wala boriti ya kuibeba chini yake. Mrejesho wenye mpango huanza na usalama, ukaja kwenye matumizi, kisha sura ya jengo, na mwisho unadhifu wa mchoro. Mbele ya nguzo kama hiyo, swali moja fupi latosha: "Mzigo wake washukia wapi?" Mwanafunzi akilifuatisha kwa kidole kutoka paani hadi kwenye msingi, atalifikia kosa mwenyewe.

Suala la lugha halikomei darasani. Kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi sawia na Kiingereza. Hata hivyo, aghalabu michoro husahihishwa kwa Kiingereza, ilhali mjengoni Changamwe au Kisauni fundi huzungumza habari za nondo, ringi, zege, lenta na pimamaji. Mhitimu atawezaje kusema: "Fundi, nondo hizi ziko karibu mno na ukingo wa zege, hewa ya chumvi itazifikia, zitaota kutu na zege litapasuka", ikiwa kosa hilo hajawahi kulisikia likielezwa kwa lugha ambayo fundi anaielewa? Mwalimu anayetoa maoni kwa lugha zote mbili hamwonei huruma mwanafunzi. Anamfunza sehemu ya kazi yake.

Gharama ya kosa lisilotenduliwa tunaijua. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Sababu za majengo kuporomoka ni nyingi, zikiwemo vifaa duni na kukwepa ukaguzi, na si haki kuzibebesha darasa. Lakini darasani ndiko kosa linakoondolewa kwa kifutio. Likishamwagiwa zege, litahitaji nyundo, na pengine maiti zitakuwa zimetangulia.

Mafundi wetu wana kifaa kiitwacho timazi: uzi wenye kipande cha chuma kizito nchani. Timazi haiutukani ukuta, wala haiusifu. Huonyesha umeinama upande gani na kwa kiasi gani, ili fundi ajue atakaponyoosha. Mwalimu anayeushika mchoro wa mwanafunzi naye afanye vivyo hivyo, na kijana wa Likoni atavuka feri jioni akiwa na jambo la kurekebisha usiku huo.