Kumcheulisha Mtoto: Hewa, Maziwa na Doa la Kijani

Katika nyumba yenye mtoto mchanga, miongoni mwa mambo ya kwanza anayofundishwa mzazi na mama yake au mama mkwe wake ni kwamba mtoto aliyenyonya halazwi kabla hajacheua. Huegemezwa begani juu ya kanga iliyokunjwa, akapigwapigwa mgongoni hadi isikike sauti ile ndogo inayowaridhisha wote waliopo. Isiposikika, wasiwasi huingia. Saa nane usiku mama huketi kitandani, macho mazito, akipigapiga mgongo wa mtoto aliyekwisha kulala, kwa hofu kwamba akimlaza atapaliwa au atashikwa na msokoto wa tumbo.

Asili ya desturi hiyo haina fumbo. Mtoto anaponyonya humeza maziwa pamoja na hewa. Akiwa wima, hewa hupanda hadi sehemu ya juu ya tumbo, karibu na mlango unaolitenganisha na umio. Mlango huo ukilegea, hewa hutoka. Akiwa chali, maziwa hukaa mlangoni na hewa hubaki mbele yake, haina pa kupitia. Kiasi cha hewa hutegemea unyonyaji wenyewe. Mtoto aliyelikamata titi vizuri, kinywa kikiwa wazi na kidevu kikigusa titi, humeza hewa kidogo. Aliyeshika chuchu peke yake, aliyelia muda mrefu kabla ya kupewa titi, au anayenyonya chupa iliyoinamishwa hata chuchu yake ikajaa nusu maziwa nusu hewa, humeza nyingi. Ndiyo maana wapo watoto wanaocheua mara mbili katika mnyonyo mmoja, na wapo wasiocheua kabisa, na wote ni wazima.

Je, kumcheulisha mtoto huzuia kweli yale yanayohofiwa? Ni ajabu kwamba jambo linalofanywa mara nyingi hivyo kila siku limechunguzwa kwa nadra sana. Mojawapo ya tafiti hizo chache ilifanyika Chandigarh, India, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Akina mama 71 na watoto wao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: kundi moja lilifundishwa kucheulisha, jingine halikufundishwa. Walifuatiliwa kwa miezi mitatu. Msokoto wa tumbo haukutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya makundi hayo. Na watoto waliocheulishwa walirudisha maziwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo ni mdogo, na akina mama walijua wamo katika kundi lipi, kwa hiyo haitoshi kuifuta desturi ya bibi. Unatosha, hata hivyo, kumpa mama ruhusa ya kulala. Mtoto aliyebebwa wima kwa dakika chache bila kucheua, na ambaye hana dalili ya kusumbuka, anaweza kulazwa. Aliyesinzia haamshwi kwa ajili hiyo. Alazwe chali. Wengi huogopa kwamba akilala chali atapaliwa na maziwa atakayorudisha, lakini mtoto mzima humeza au hukohoa yaliyopanda, na kulala kifudifudi ndiko kunakoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Anayecheulisha na afanye kwa upole. Begani, mapajani akiwa ameketi, au akilazwa kifudifudi juu ya mapaja huku mama akimtazama: namna zote tatu zinafaa. Anapoketishwa, mkono wa mama ushike taya na kifua, kamwe usibane koo. Kiganja kijikunje kidogo. Kusugua mgongo kunatosha sawa na kupigapiga.

Kilio cha msokoto wa tumbo kina mwendo wake. Huzidi mtoto afikapo kama wiki sita, kisha hupungua na kwa kawaida huisha katika mwezi wa tatu au wa nne, atibiwe asitibiwe. Hapo ndipo dawa nyingi zilipojipatia sifa zisizostahili. Maji ya gripu, yaliyobuniwa na William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, yalikuwa na pombe kwa miongo mingi. Haishangazi kwamba watoto walitulia. Dawa za mchango za kuchemshwa nazo hazina kipimo kijulikanacho, na kila kijiko cha maji kinachoingia kabla ya miezi sita hupunguza nafasi ya maziwa ya mama na huweza kubeba vijidudu vya kuhara.

Kurudisha maziwa kidogo baada ya kunyonya nako ni kwa kawaida. Takriban nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu hufanya hivyo walau mara moja kwa siku, na wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto anayerudisha maziwa huku uzito ukipanda kwenye kadi ya kliniki ana kazi ya kufulisha nguo tu.

Hali ni nyingine kwa mtoto wa wiki kadhaa anayetapika kwa nguvu, matapishi yakaruka mbali, kila baada ya kunyonya, kisha akataka kunyonya tena mara moja. Huenda njia ya kutoka tumboni kuingia utumbo mwembamba imebanwa na msuli ulionenepa, na tiba yake ni upasuaji. Damu katika matapishi, homa, kukataa titi, tumbo kuvimba na kukaza, au nepi kukaa kavu kwa saa nyingi, havingojei kucheua wala dawa ya jirani. Linalotisha kuliko yote ni matapishi ya kijani. Hiyo ni nyongo, na kwa mtoto mchanga huweza kumaanisha kwamba utumbo umejisokota na damu haifiki. Saa chache zaweza kuupoteza. Mtoto apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huohuo, na kitambaa chenye doa kisifuliwe. Kipelekwe pamoja naye, daktari akaione rangi kwa macho yake.