Kunyoa ndevu kwa wembe mmoja bila kuota vipele

MWANAMUME anayenyoa ndevu jioni kisha akaamka asubuhi shingo ikiwa imejaa vipele vinavyowasha hahitaji kuelezwa adha hiyo. Wengi hudhani kwamba ni uchafu, au ni sabuni iliyowadhuru. Wengine hukimbilia krimu za kila aina, na vipele vikishapona huacha madoa meusi yanayodumu kwa miezi.

Ukweli ni kwamba aghalabu chanzo ni nywele zenyewe. Ndevu za wengi wetu zimejipinda. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha zake hubaki kali mithili ya mkuki, na zinapoanza kukua hujikunja na kuichoma ngozi upya. Mwili huichukulia kila ncha kama mwiba uliopenya, ndipo uvimbe na usaha hutokea.

Vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe mbili, tatu au hata tano zilizopangwa pamoja huzidisha tatizo hili. Wembe wa kwanza huuvuta unywele juu, unaofuata huukata, kisha kipande kilichobaki hurudi chini ya ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka, hiyo ni sifa. Kwa mwenye ndevu zilizojipinda, ni mwanzo wa balaa.

Ndiyo maana kinyoleo cha chuma walichotumia babu zetu kinastahili kuangaliwa upya. Ni mpini mfupi wenye kichwa kinachofunguka na kubana wembe mmoja wa pande mbili, ule ule tunaonunua dukani kwa shilingi chache ili kukatia kucha au kuchongea penseli. Mmarekani King Gillette, ambaye kampuni yake ilianzishwa mwaka wa 1901, aliuza vinyoleo 51 pekee katika mwaka wa 1903. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipowafikia Wamarekani, wanajeshi wao walipewa vinyoleo hivyo kwa mamilioni, na waliporejea makwao hawakutaka tena kingine. Vinyoleo vya nyembe mbili kwa pamoja vilianza kuvuma baada ya 1971.

Hata hivyo, anayetoka kwenye plastiki na kushika chuma kwa pupa atajikata. Mimi nilijikata. Siku moja kabla ya mahojiano ya kazi nilikikandamiza kinyoleo shingoni kama nilivyozoea, na nikaketi mbele ya waajiri nikiwa na karatasi ya msalani imenata chini ya taya. Kosa langu lilikuwa moja tu: nguvu. Kinyoleo cha chuma kina uzito wake, na uzito huo unatosha. Kazi ya mkono ni kukiongoza tu.

Maandalizi ni nusu ya kazi. Unywele mkavu ni mgumu, ilhali uliolowa maji huvimba na kulainika. Kwa hivyo nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto usoni kwa dakika tatu hivi. Kisha paka povu la sabuni ya kunyolea, ikiwezekana kwa burashi, ukizungusha ili nywele zisimame na povu lifike kwenye mashina. Sabuni ya kipande ya kuogea si mbadala mzuri, kwani povu lake hukauka upesi na kuuacha wembe ukikwaruza ngozi tupu.

Unapotia wembe, ushike kwa ncha zake fupi zisizo na makali, ufunike kwa kichwa cha kinyoleo, kisha ukaze barabara. Wembe uliolegea au kukaa upande ni hatari.

Kabla ya kuanza, pitisha vidole usoni ili ujue nywele zinaelekea wapi. Mashavuni kwa kawaida huelekea chini, lakini shingoni mambo hubadilika: kwa wengine huelekea juu, kwa wengine upande, na kuna wenye kizunguzungu kamili chini ya koromeo. Hapo shingoni ndipo vipele huota zaidi, na ndipo watu wasipojali mwelekeo.

Sasa weka kichwa cha kinyoleo shavuni, uinamishe mpini mpaka usikie wembe unaanza kugusa nywele. Pembe inayofaa baina ya wembe na ngozi ni ya takriban nyuzi 30. Vuta kwa hatua fupi za sentimita mbili au tatu, ukifuata mwelekeo wa nywele, na usuuze wembe mara kwa mara. Usiivute ngozi kwa mkono wa pili hadi ikakazika, maana ikilegea tena nywele zilizokatwa hujificha ndani yake.

Baada ya mzunguko wa kwanza, gusa kidevu. Kama unaota vipele kwa urahisi, koma hapo. Ndevu kidogo zilizobaki hazitamfukuza mtu. Anayetaka zaidi na apake povu upya, kisha apitishe wembe kwa upande, si dhidi ya nywele. Kunyoa kinyume ndiko kunakowaponza wengi wanaotafuta ulaini kama wa mtoto.

Suuza uso kwa maji baridi. Shabu, lile jiwe jeupe kama barafu, ikilowekwa na kupitishwa usoni huzuia damu ya mikwaruzo midogo. Ukimaliza, paka mafuta yasiyo na manukato makali. Marashi yenye spiriti huchoma bila faida kwa ngozi iliyokwisha kusumbuka.

Mwenye vipele vingi tayari asianze kwa wembe wowote. Aziache ndevu kwa wiki nne hivi ili ngozi ipone, na ikiwa kuna usaha au makovu yanayonenepa, amwone daktari wa ngozi.

Wembe wenyewe hutumika mara tatu hadi tano, halafu hubadilishwa pindi unapoanza kuvuta nywele badala ya kukata. Kamwe usiazimane wembe, hata na ndugu yako wa toka nitoke. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku saba, na damu inayobeba virusi hivyo au vya Ukimwi si lazima ionekane kwa macho. Ukienda kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako.

Nyembe zilizotumika zisitupwe ovyo kwenye taka, kwa maana wanaokusanya taka hizo hutumia mikono. Toboa mwanya mwembamba kwenye mkebe wa bati, uzitumbukize humo, na uuweke juu mahali ambapo watoto hawafiki.